Tengefu la Mawe Meupe

Jumapili, 10 Machi 2024

Maji moto tena. Si vuguvugu. Moto, kama yale ya kumkandia mzazi.

Nimekwenda tengefuni na ndugu yangu Hamisi, kama kila bamvua, maji yanapotoka sana. Yeye juu ya mtumbwi wake, mimi ndani ya maji na miwani ya kuzamia. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu anaelea na dera lake kama mfuko uliotupwa. Wanaume wa ufukweni walikuwa wakicheka. Siku hizi wamechoka. Nimewashinda kwa hilo angalau.

Matumbawe ya matawi yamegeuka rangi. Zambarau. Buluu ya kung'aa. Mengine waridi, kama leso iliyotoka dukani leo. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikakumbuka nilichosoma, furaha ikakata.

Tumbawe ni mnyama. Nilifundisha hivyo darasani miaka mingi, na kila mwaka nusu ya darasa walidhani natania. Mnyama laini, mdogo kama punje ya mchele, ana mdomo na vidole vya kushikia chakula, basi. Anajijengea nyumba ya chokaa na kukaribisha mwilini mwake chembe za mwani. Mwani unampikia kwa jua, yeye anaupa malazi. Bahari ikizidi joto, anautema. Baadhi yao kabla ya kupauka hutoa rangi hizi kujikinga na jua. Ndizo nilizoziona leo. Wagonjwa waliopakwa wanja.

Nilipopanda mtumbwini Hamisi aliuliza kuna nini. Nikamwambia. Akatazama maji, akashika pondo, akausukuma mtumbwi kurudi.

Ndugu yangu huyu ana kesi kubwa kuliko yangu. Pale ndipo baba yetu alipotega malema yake ya samaki maisha yake yote. Hamisi akaparithi. Kamati ya wavuvi ilipotaka kutenga sehemu ya bahari isivuliwe, samaki wazaliane, yeye ndiye aliyesema: chukueni pangu. Tangu hapo ndiye mlinzi. Ameitwa mchawi wa kitoweo, ameitwa kibaraka wa wazungu. Amekatiwa maboya ya mpaka, akayafunga upya.

Baada ya Idi kuna mkutano. Jambo moja tu: tengefu libaki limefungwa au lifunguliwe. Na sasa mawe yanakufa. Wakati mbaya kuliko huu sijauona.

Jumatano, 13 Machi 2024

Ramadhani ya pili. Kichwa kinauma kwa kukosa kahawa.

Nilikuwa na shughuli Galu. Nikapita ufukweni kuona mashua za watalii, zile zenye kioo chini, zinavyofanya biashara. Zimejaa. Kijana mmoja wa bara, mchangamfu, amebandika kibao kipya: Bustani ya Rangi. Nikamwambia unauza tikiti za kutazama wagonjwa mahututi.

"Mathe, wazungu wamedata na hizo rangi," akasema. "Mimi nifanye nini, niwafunge macho?"

Nikamwambia nitamwandika gazetini, kwenye makala yangu.

"Andika. Lakini na wewe gazeti lako si unauza?"

Alinipata. Nimerudi nimenuna hadi Gazi. Jioni nilikula tende tatu nikajisikia binadamu tena.

Jumanne, 26 Machi 2024

Meupe.

Ya matawi yote. Ya sahani karibu yote. Yale makubwa ya mviringo, yaliyokuwapo kabla ya babu yetu, yamepauka juu na kubaki kahawia ubavuni. Wakati huu sikuweza kukaa ndani ya maji. Hamisi alinionya nisimeze, nitalipa siku. Nilimeza kidogo nadhani. Nitalipa.

Gazetini kila mtu ataandika sanda. Mimi sitaandika sanda. Yanafanana na meno.

Mchana wote nimekaa chini ya dirisha. Nyumba hii imejengwa kwa matofali ya matumbawe, yaliyokatwa machimboni upande wa pili wa barabara kuu. Plasta imebanduka pale na vyumba vyao vinaonekana, vidogo vidogo, kama sega. Hao waliishi zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Pwani yetu, Diani hadi Shimoni, imekaa juu ya mwamba uliokufa. Tunachimba visima ndani yake. Tunazikana ndani yake, na wachimba kaburi wanalalamika jembe halipiti.

Na hao ni wa jana. Mamia ya mamilioni ya miaka nyuma walikuwapo wajenzi wengine. Wengine umbo la pembe ya mbuzi. Walijenga kuta baharini wakati nchi kavu haijaota hata unyasi. Halafu volkano zikafunguka, hewa ikajaa hewa chafu ile ile tunayoijaza sisi, bahari ikapata joto na kuwa kali kwa asidi. Wakaisha. Kwa mamilioni ya miaka hapakuwa na ukuta wa matumbawe popote duniani. Bahari tupu ya kuta.

Kisha wakatokea hawa wa leo. Ukoo mwingine. Baadhi ya wataalamu wanadhani wazee wao waliivuka balaa wakiwa uchi, miili mitupu bila nyumba. Jambo hilo limejaribiwa: matumbawe yakawekwa katika maji makali, chokaa ikayeyuka, mnyama akabaki hai. Akarudishwa kwenye maji mazuri, akaanza kujenga upya. Hakuuliza nani alaumiwe.

Baadaye, zama za madinosau, wakapokonywa kazi na aina ya chaza wakubwa waliokuwa wakijenga kuta zao. Chaza hao wakafa pamoja na madinosau. Matumbawe yakapungua sana, yakabaki, yakangoja.

Nimesoma hayo nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu. Nina mashaka na kujisikia vizuri kwangu.

Jumamosi, 30 Machi 2024

Nimegombana na Kassim bandarini. Mbele ya watu, na wote tumefunga.

Kassim tulisoma darasa moja, alinakili hesabu zangu miaka mitatu. Sasa ndiye anayeongoza wanaotaka tengefu lifunguliwe. Nilikuwa napita tu kununua dagaa wa futari.

"Zuhura, nasikia mawe yako yameota mvi."

Nikamwambia na yeye mvi zimemjaa, mbona hatujampiga mnada.

"Mimi bado natoa watoto," akasema. "Hayo yako yametoa nini mwaka huu? Umemfanya ndugu yako mlinzi wa makaburi."

Walicheka hadi mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki pale mkabala. Nikasema maneno juu ya akili ya mtu anayeng'oa mlango wa nyumba yake akaupikie chai. Nayo yalichekwa. Niliondoka nimesahau dagaa.

Niwe mkweli hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu. Kassim si mwizi. Anatega malema, hajawahi kushika juya la kukokota chini. Nje ya mwamba, vyombo vikubwa vya watu wa mbali vimekomba. Ndani ya mwamba hapajai kikapu. Halafu kila siku anapita kando ya maboya ya Hamisi na kuona pono wa mkono mzima wakiogelea upande wa pili. Ningekuwa yeye ningeudhika.

Ninachochukia ni semina. Kila mwaka hotelini Diani, washikadau, chai ya saa nne, maji ya chupa, tunafundishwa kustahimili. Kustahimili nini? Hatukuchoma sisi hayo makaa ya mawe. Hatukujenga sisi hayo majiji yanayowaka taa mchana. Walioitia bahari moto wanatutumia kijana na karatasi za rangi kutufundisha subira, watu waliozaliwa ndani ya subira. Nimeyaandika haya mara nyingi hadi mhariri ameniomba nipumzike.

Jioni nimepanga na Hamisi nitasema nini mkutanoni. Tumekubaliana hoja moja. Tumbawe likifa, mwani wa nje unaota juu yake kama ukungu juu ya mkate. Ukikaa, mtoto wa tumbawe anayeelea baharini hapati pa kushika. Anayeukwangua ni pono, kwa ule mdomo wake wa kasuku, na wenzake kangaja na tafi. Kwa hiyo tengefu lina kazi kubwa zaidi wakati mawe yamekufa kuliko yalipokuwa hai. Ukiwavua pono sasa, umefunga mlango na kutupa ufunguo. Hoja ni yangu, nimeiandika vizuri, ni fupi.

"Dada, pono tu," alisema Hamisi. "Usiwapeleke kwa madinosau."

Nimeahidi.

Jumatano, 10 Aprili 2024

Idi. Pilau, wageni, watoto wenye viatu vinavyowabana. Kassim alikuja kutoa mkono wa Idi, akala sahani mbili, akausifu mkono wangu. Hatukugusa habari ya bahari. Alipoondoka alimwambia Hamisi, "Shemeji hajambo huko Mkongani?" Mke wa Hamisi yuko kwa wazazi wake, msimu wa kupanda. Adabu tupu. Adui mwenye adabu ananichosha kuliko mtukanaji.

Bahari haina upepo. Ufukweni kuna harufu kama ya kamasi. Ni wao, matumbawe, wanaoza.

Jumapili, 14 Aprili 2024

Habari imeenea kijijini: rangi imerudi. Watu wamenisimamisha njiani kunipongeza, kana kwamba nimejifungua.

Nimeshuka. Kweli si meupe tena. Ni ya kijani kilichofifia, hudhurungi hudhurungi. Kutoka mtumbwini yanaonekana mazima. Nikagusa moja. Limevaa manyoya. Ni ule mwani wa nje umeanza kuota juu ya mifupa. Hamisi aliniona usoni nilipotoka majini. Alikuwa ameamini. Alikuwa ameamini kabisa, amevaa hata fulana safi. Nilijisikia kama ni mimi niliyeyaua mawe yake.

Pono wapo lakini. Kundi zima, wakikwangua. Ukitulia chini ya maji unawasikia: kru, kru, kru.

Nimerudi bandarini kusahihisha habari. Kosa. Waliodhani yamepona wanasema: kama yamepona, lifunguliwe, kazi imekwisha. Niliowaambia yamekufa wanasema: kama yamekufa, lifunguliwe, analindwa nani? Njia mbili na zote zinaingia mlango wa Kassim. Nimekasirika mpaka nikacheka peke yangu. Mama karanga mmoja alinipa kipande cha samaki bure. Alidhani nimeugua.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Tumeshindwa.

Niandike kwa utaratibu.

Mkutano ulikuwa darasani kwa sababu ya mvua. Watu wamejaa hadi madirishani. Mwenyekiti alinipa nafasi baada ya dua. Nilianza vizuri. Nilisema pono, nikasema mwani, nikasema mtoto wa tumbawe anahitaji jiwe safi kama anayepaka chokaa anavyohitaji ukuta uliosuguliwa. Niliona vichwa vikiitikia. Mama karanga mmoja aliuliza kama kangaja naye anafanya kazi hiyo. Nikasema naye. Akamwambia jirani yake, umesikia. Nilikuwa nimewashika. Nilipaswa kuketi.

Kassim akasimama.

"Mwalimu, tumeshukuru sana. Mimi nina swali la mtu asiyesoma. Sisi hapa mtu akifa tunamzika siku hiyo hiyo. Wewe maiti wako umemlaza mwezi mzima, na bado unataka tumwekee askari?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti. Hata mimi ningecheka.

Nikawaka. Najijua. Nikiwaka maneno yanakuja yenyewe, mazuri, yamepangwa, na nayafuata kama mtu anayefuata ngoma. Nilisema hakuna maiti hapa. Nilisema hawa ni wanyama walioona mwisho wa dunia na kuusindikiza mlangoni. Nikawapeleka kwa pembe za mbuzi na volkano. Nikawapeleka kwa bahari isiyo na kuta. Nikawapeleka kwa madinosau, Mungu anisamehe. Ikasikika mvua tu juu ya mabati. Nilisema: yamekufa, yakarudi. Yakafa tena, yakarudi tena. Nikasema nani sisi tuyakatie tamaa? Walinipigia makofi. Kwa kweli walinipigia makofi.

Nilimwona Hamisi. Ameinamisha kichwa.

Kassim alingoja makofi yaishe. Hakuwa na haraka.

"Yalirudi yenyewe, mwalimu?"

"Yenyewe."

"Huko zamani hapakuwa na kamati?"

"Hapakuwa na watu."

"Maboya?"

Kicheko kimeanza.

"Basi mwalimu ametutoa wasiwasi," akasema, amewageukia wao. "Mimi nilikuwa naogopa tukiingia tutayamaliza. Kumbe haya hayamalizwi na mtu. Yatarudi. Amesema msomi wetu mwenyewe."

Nikapiga kelele: baada ya mamilioni ya miaka!

"Ndiyo maana," akasema Kassim, pole pole, kama anayemfariji mgonjwa. "Mimi wanangu wanakula leo."

Nilijaribu kurudi kwa pono. Sauti yangu ilikuwa imepanda sana na hakuna anayesikiliza mtu ambaye sauti imempanda. Nilisema pono, pono, mpaka kijana mmoja dirishani akaniigiza.

Mikono ikanyoshwa. Ilikuwa mingi kiasi kwamba katibu hakuona haja ya kuhesabu. Yule mama karanga aliyeuliza habari ya kangaja alinyosha na yeye. Lifunguliwe, baada ya kuondolewa maboya, bamvua la mwezi ujao.

Nje Kassim alinifuata chini ya upenu wa mabati. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Umesema vizuri sana, Zuhura. Wallahi sijapata kusikia mtu kusema vile."

Alikuwa anamaanisha. Afadhali angenitukana.

Hamisi alibaki ndani kupanga viti.

Jumapili, 21 Aprili 2024

Sina la kusema. Nimelisema lote jana.

Baadaye.

Tena si kweli niliyoyasema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kura. Wale wa pembe ya mbuzi hawakurudi. Hakuna hata mmoja wao leo baharini, wamebaki mawe tu makumbushoni. Waliokuja ni wengine, wakapewa jina lile lile kwa sababu sisi ndio tunaotoa majina. Wale chaza hawakurudi. Kinachorudi ni ukuta, na wala si upesi, na wala si kwa ajili ya waliokuwa nyuma yake. Nililijua hilo. Limeandikwa humu, ukurasa wa mwezi uliopita, kwa mkono wangu: ukoo mwingine. Lakini "walikuja wengine" haileti makofi. "Yamerudi" inaleta.

Nimetumia maisha yangu kuwakaripia wanasiasa kwa kuwapa watu maneno matamu.

Na yajayo je? Wanaopima mambo haya wanasema dunia ikiongezeka joto kiasi kinachotarajiwa, karibu yote ya aina hii yatakwenda. Yatabaki machache, magumu, mafupi, yasiyojenga ukuta. Labda mengine yatavua nyumba na kuishi uchi kwenye vina vya maji baridi, yakingoja watu tuishe. Mnyama ataokoka. Ukuta hautaokoka. Na sisi ni watu wa nyuma ya ukuta. Mawimbi makubwa yanavunjikia kule nje, ndiyo maana Msambweni yetu ina ufuo, ndiyo maana huu mnazi umesimama. Hii ndiyo ingekuwa hotuba. Dakika tano. Ningesema hayo na pono na kuketi.

Hamisi hakuja kula.

Jumapili, 28 Aprili 2024

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Leo Hamisi ameondoa maboya. Kamati ilitaka kutuma vijana, akakataa. Alisema aliyefunga ndiye atakayefungua.

Nilikwenda naye bila kualikwa. Alikata kamba, mimi nikavuta. Maboya yameota chaza na majani, mazito kuliko nilivyodhani. Mikono yangu imechubuka, wino huu unaingia kwenye vidonda.

Tulipomaliza nilimwomba radhi. Sina mazoea, nilisema vibaya, nikaanza na sababu kabla ya kosa.

"Uliposema pembe za mbuzi nilisema aa, bado tuna nafasi," akasema. "Ulipofika kwa madinosau nikaanza kukusanya viti."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nikauliza kama atategea malema pale na yeye. Ni pa baba. Hakuna atakayemlaumu. Alisema hapana. Sababu hakutoa, nami kwa mara moja sikumdai.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Makala yangu yametoka. Nimeweka mle yote niliyopaswa kusema darasani. Mhariri amefurahi, ameniandikia kwamba ni kazi bora kuliko zote nilizomletea. Wasomaji wa Nairobi wameyasambaza. Mmoja ameniita sauti ya bahari. Watu ambao hawajawahi kulowa miguu.

Bandarini hakuna aliyeyasoma. Upepo mkali, mitumbwi imepandishwa juu, gazeti limefungiwa mihogo.

Bure kabisa. Nimejaribu kuona fahari, nimeshindwa.

Alhamisi, 9 Mei 2024

Wavuvi wameingia tengefuni leo asubuhi.

Sikutaka kwenda. Nilikwenda. Sijaona samaki wengi vile bandarini tangu utoto wangu. Malema yalitoka yamebana. Pono wakubwa wa kijani na buluu, wengine wenye nundu kichwani, kangaja kwa ndoo, tafi wa kuteleza. Wanunuzi walikuja kwa pikipiki hadi kutoka Ukunda. Mama karanga wakaanza moto saa tatu. Watoto wamekula mpaka wamelala mchangani. Wimbo ulikuwapo. Mzee mmoja mwenye kiharusi aliletwa kwa mkokoteni atazame.

Nilitaka kuwachukia. Ningependa kuandika hapa kwamba niliona ulafi. Sikuona ulafi. Niliona watu walioshiba.

Nilihesabu pono waliopita mbele yangu, kisha nikaacha. Haisaidii. Kila mmoja ni mdomo mmoja uliopungua pale chini. Mwani hauna likizo.

Kassim alinipungia mkono kutoka ndani ya maji. Nikampungia.

Hamisi amepaka mtumbwi wake mafuta ya sifa, yale ya ini la papa, siku nzima, nyuma ya nyumba, upande usioonekana bahari. Mafuta hayo alishaupaka wiki jana.

Ijumaa, 10 Mei 2024

Kassim alikuja saa tatu, amevaa kanzu tayari kwa Ijumaa. Mkononi pono mmoja, mkubwa kuliko wote niliowaona jana, ametungwa kwa ukindu.

"Huyu wa kwanza kutoka pale," akasema. "Sikumpeleka mnadani. Pale ni pa marehemu mzee wenu. Kitoweo cha kwanza ni cha kwenu."

Ndivyo inavyofanywa. Baba alifanyiwa, na baba aliwafanyia wengine. Kukataa kitoweo ni kumwambia mtu msizikane. Nilifungua mdomo hata hivyo. Nilikuwa na sentensi, ilikuwa nzuri.

Hamisi akasema, "Ahsante, Kassim. Mola akuongeze." Akampokea samaki, akanipa mimi.

Nimempara magamba uani. Magamba makubwa kama kucha za kidole gumba. Nikampasua. Utumbo umejaa, mzito, na nilipoubonya ulitoka uji wa kijani, na ndani ya kijani punje nyeupe za chokaa. Mwani na jiwe. Alikuwa kazini mpaka alipoingia kwenye lema.

Niliuweka chini, kando. Halafu kuku wakaja, nikawaachia.

Nilimkata vipande vinne, nikamtia chumvi na ndimu. Nikakuna nazi mbili. Hamisi aliporudi msikitini nilipakua. Samaki alikuwa mtamu. Hamisi aliomba aongezewe mchuzi, nikamwongezea. Tukala mpaka sinia likaonekana, akanawa, akasema alhamdulillahi, akajinyoosha kwenye mkeka.

Mvua imeanza tena. Nimeanika dera ndani.